Milango Mingapi

Jumapili, 5 Oktoba 1997

Kila mwaka nawalazimisha watoto wa darasa la saba waandike shajara, na mimi mwenyewe sijawahi kuandika hata mstari mmoja. Sasa walimu tumegoma, shule iko kimya, na mvua inanyesha tangu Alhamisi. Basi leo naanza, nione kama kazi hii ni rahisi kama ninavyowaambia.

Josiah amepiga simu leo alasiri kutoka Minnesota. Hupiga dukani kwa Rasiklal, anayeuza mabati na misumari hapa Kisii mjini, kwa sababu huku Nyanchwa sina simu. Anasema pesa za gari zimefika benki. Huu ni mwaka wa tatu anaogesha wazee wa Kizungu na kulala kidogo, yote kwa ajili ya gari hilo.

"Chagua wewe, Marion, maana wewe ndiye utakayeendesha," akaniambia. "Lakini liwe la kupanda mlima wetu, na limfikishe Tata hospitali."

Tata ni baba yake, Mzee Ratemo wa Ikonge. Moyo wake umechoka. Miguu imevimba hadi viatu havimwingii, na kila wiki mbili anatakiwa aonwe na daktari hapa mjini. Kutoka kwake hadi barabara ya lami ni kilomita sita za udongo mwekundu, na ukilowa hata ng'ombe hawautaki.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeliona. Sitasema uongo katika daftari langu mwenyewe: nimelipenda kabla sijafungua mlango.

Ni la Rasiklal. Lilitoka Japani likiwa karibu jipya. Ni fupi, rangi ya zambarau iliyoiva, gurudumu la akiba limening'inia nyuma ndani ya kifuniko chake. Viti ni vya ngozi. Paa lina kidirisha kinachofunguka kwa kubonyeza kitufe. Redio inameza kaseti na kuigeuza yenyewe. Na si urembo tu. Magurudumu yote manne yanavuta, na kando ya gia ya kawaida iko gia nyingine fupi ya kupandia matope. Rasiklal alinipeleka nyuma ya mlima wa Nyanchwa, kwenye ile njia iliyochimbwa na maji, tukapanda bila hata kuteleza.

"Iko gari mzuri sana, mwalimu," alisema. "Mimi napenda. Lakini mama yangu nakataa."

Mama yake, Bi Sumitra, alikuwa ameketi kaunta akihesabu misumari kwa kuipima mkononi. Akainua kichwa.

"Hii gari ya vijana," akasema. "Kwenda nyuma lazima kiti ya mbele inalala, halafu unapanda kama mbuzi. Mimi mzee, mguu yangu hapana panda."

Nikacheka. Gautam, mwanawe Rasiklal, akacheka pia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimepanda Ikonge kwa miguu kutoka lami, viatu mkononi. Nimewaambia wazee habari za gari. Tata alikuwa kwenye kiti chake cha mbao chini ya upenu, miguu juu ya gunia. Nikamsalimu nikiwa hatua tano mbali, naye akaitikia akiutazama mchaichai.

Lazima nieleze, maana nikisoma haya nikiwa mzee huenda dunia itakuwa imebadilika. Kwetu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani mkono, hawakai kiti kimoja, hawatazamani machoni. Heshima hii tunaiita ensoni. Miaka sita nimeolewa, na Tata hajawahi kuingia nyumba yangu. Akija hospitali hukaa uani kwangu hata kukinyesha, nami huweka chai kwenye kigoda nikarudi nyuma ndipo anyooshe mkono. Kanisani tunaimba wimbo mmoja, yeye upande wa wanaume, mimi upande wa wanawake. Hajanikosea hata neno, na nampenda kuliko ninavyompenda baba aliyenizaa, ambaye alikuwa mtu wa pombe ya chang'aa na makofi.

Mama mkwe, Bathsheba, alinisikiliza nikisifu viti na kidirisha cha paa. Nilipomaliza akauliza, "Lina milango mingapi?"

"Mitatu, Mama, ukihesabu wa nyuma wa mizigo."

"Mitatu," akasema, akaendelea kuchambua wimbi.

Jumatano, 15 Oktoba

Mgomo umeisha, nimerudi darasani. Jioni nilipita kwa Sadiq, mfanyabiashara wa ngozi karibu na msikiti. Naye anauza gari la kupanda milima, refu, la zamani, kijivu, limebonyea ubavuni. Ndani linanuka ngozi mbichi mpaka machozi.

"Nisikufiche, mwalimu Marion," Sadiq alisema. "Hili umri umelipita. Ukiliwasha lataka maombi. Lakini milango mitano, na yote yafunguka. Nyuma pale mgonjwa anyoosha miguu kama yuko kitandani kwake."

Nilikaa kwenye usukani. Nikajiona ninalipeleka kanisani Sabato, limejaa harufu ile, wale akina mama wa Dorkasi, chama cha wanawake kanisani, wakiziba pua kwa leso. Nikamshukuru, nikashuka.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimekaa na karatasi mezani, upande mmoja la Rasiklal, upande wa pili la Sadiq, kama ninavyowafundisha watoto kupanga insha ya mjadala. La Sadiq lina nafasi. La Rasiklal lina nguvu, halili mafuta, halitaharibika njiani, na ni zuri. Hilo la mwisho nililiandika kisha nikalifuta. Kisha nikaliandika tena, kwa kuwa hapa si shuleni.

Miaka mitatu nimelala peke yangu. Nafundisha, nafua, napanda Ikonge na dawa begani, nashuka. Hivi mimi sistahili kitu kizuri kimoja?

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimelinunua la Rasiklal. Tulikimbizana na jua. Nilitaka tuwe tumetia sahihi kabla Sabato haijaingia, naye Rasiklal akanicheka kwa kuitazama saa kila dakika. Bi Sumitra amelipaka kidoti chekundu mbele na kupasua nazi kwenye gurudumu, kulibariki kwa desturi ya Kihindu. Sikumkataza. Mchungaji hakuwepo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Kanisani wamelizunguka kama jeneza la mtu mkubwa. Nimefurahi mno kwa siku ya Sabato.

Alhamisi, 6 Novemba

Limefaulu. Gautam alijitolea kuendesha siku ya kwanza ya kumleta Tata, maana mikono yangu bado mizito kwenye matope. Tata alikaa mbele kushoto kwa Gautam, kofia yake juu ya magoti. Mimi nilikunjana nyuma na kikapu cha ndizi. Tulishuka mlima wote bila kukwama, tukalipita lori la majani chai lililolala mtaroni, na Tata akamuuliza Gautam kila kitu: hiki ni cha nini, kile kinawasha nini. Gautam alimfungulia kidirisha cha paa mvua ilipokatika kidogo. Tata akainua uso, akatazama mawingu akitabasamu kimya kimya. Nililiona tabasamu hilo kwenye kioo, ambapo si mahali pa kulitazama, lakini nililiona.

Daktari amemwongezea dawa za kukojoa maji.

Jumapili, 9 Novemba

Nimemwambia Josiah kila kitu. Alilia kwenye simu.

Alhamisi, 20 Novemba

Mara ya pili, tena na Gautam. Redioni wanasema mvua hii inaitwa El Nino na itaendelea hadi mwaka ujao. Bathsheba alitusindikiza hadi langoni. "Kijana huyu wa Kihindi atakuwepo siku zote?" akaniuliza. Nikamwambia nitatafuta dereva.

Jumatatu, 1 Desemba

Gautam ameondoka kwenda Nairobi kufungua duka la mjomba wake. Nitatafuta dereva.

Alhamisi, 4 Desemba

Siku ya daktari ilikuwa leo, lakini daraja dogo la chini ya kituo cha kupimia majani chai lilifunikwa na maji. Nilifika nikasimama ng'ambo hii, nikarudi.

Jumanne, 9 Desemba

Kila mtu mwenye leseni Kisii hii ameajiriwa na wanaogombea ubunge. Wanazunguka na vipaza sauti toka asubuhi. Nimeuliza watano. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, ngoja kura zipigwe, tutakuja hata kumi." Kwa hiyo ninajifunza matope mwenyewe. Jana nilipanda nyuma ya Nyanchwa mara sita. Mkono wa kushoto sasa unajua njia: gia ndefu, gia fupi, gia ndefu. Ni mkono usiotulia.

Jumapili, 14 Desemba

Nilipanda Ikonge peke yangu na dawa. Gari limepanda vizuri, Tata hakupanda vizuri; ngazi mbili za upenu wake zilimchukua muda wa kuchemsha chai. Bathsheba alilizunguka gari mara moja na kusimama upande wa kushoto. Akaufungua mlango, akatazama kile kiti kimoja cha mbele na gia zilizosimama kati yake na changu. Akaufunga taratibu.

"Milango mingapi?" akauliza, na jibu analijua.

Sikumjibu vizuri. Nilimwambia amezoea kulalamika, na kwamba Josiah ameogesha vikongwe miaka mitatu kwa ajili ya gari hili. Naona aibu kuandika kwamba niliondoka bila kumuaga.

Jumapili, 21 Desemba

Nilijua siku hii nitaiandika, na siku tatu nimeikimbia.

Alhamisi saa moja asubuhi Nyangate alibisha mlango. Ni jirani yao wa Ikonge, rika la Josiah, mtu mtaratibu. Alikuwa ameshuka mlima gizani kwa miguu na kupata lifti ya lori la maziwa. "Mwalimu, Mzee hapumui vizuri," alisema. "Amekesha ameketi. Midomo imekuwa ya buluu."

Nikaanza kutafuta dereva. Rasiklal alikuwa ameenda Kisumu kuleta mabati. Gari la Sadiq lenyewe lilikuwa limekodiwa na mgombea, na Sadiq yumo ndani yake analiendesha. Mume wa mwalimu mwenzangu alikuwa Keroka. Saa moja na nusu imepotea hapo, na sasa nikiipiga hesabu kichwani naona nilijua mapema kuwa sitapata mtu. Nilikuwa nikimtafuta wa kuketi mahali pangu.

Tukaenda, mimi na Nyangate. Na niseme ukweli: katika ule mlima nilifurahi. Daraja lilipitika, maji yalifika nusu ya gurudumu. Mahali ambapo lori la majani chai lilikuwa limezama hadi ekseli, nilisukuma ile gia fupi, gari likanguruma na kupanda kando yake, na watu waliokuwa wanachimba wakasimama kutazama. "Mwalimu ni dereva kweli kweli," Nyangate alisema. Nilijiona nimeshinda.

Tata alikuwa chini ya upenu amevaa koti lake la Sabato na kofia. Alipumua kwa mabega. Bathsheba alimshikia mwavuli ingawa paa lilikuwepo. Nyangate na wanaume wawili wa jirani wakamwinua, wakamleta hadi mlango wa kushoto, akainama kutazama ndani.

"Gautam yuko wapi?" alimuuliza Nyangate. Mimi haniulizi moja kwa moja, ndiyo kawaida.

"Yuko Nairobi, Mzee. Anaendesha mwalimu."

Tata akazitazama zile gia. Kiti chake na changu vinaachana kwa upana wa kiganja. Mguu wake uliovimba ungefika hadi kwenye gia, na mkono wangu ungeugusa kila mara ningebadilisha, Ikonge hadi Kisii. Kila mtu pale aliliona hilo.

"Mlango mwingine uko wapi?" Tata akauliza.

Nyangate akakilaza kiti cha mbele ili aingie nyuma. Walimwinua mguu, ukafika kwenye kizingiti, ukarudi. Wakajaribu tena. Akaishiwa pumzi kabisa, ikabidi wamketishe kwenye kiti chake na kungoja. Nyangate akafungua ule mlango wa mizigo. Akasema tunaweza kukunja viti na kumlaza humo.

"Nikilala nakufa," Tata alisema. "Na mimi si gunia la majani."

Ndipo Bathsheba akasema kwa sauti, "Ingia hapo mbele, baba Josiah. Huu ni ugonjwa. Mungu anaona."

Tata akageuka akanitazama. Alinitazama usoni, mara ya kwanza kwa miaka sita. Macho yake ni ya kahawia hafifu, sikuwa nayajua. Na mimi nikafanya kama nilivyofundishwa na mama yangu na bibi yangu: nikainamisha kichwa, nikarudi nyuma hatua mbili.

Niligeuka nikaingia kwenye usukani kuligeuza gari, nipate la kufanya. Nilipotazama tena walikuwa wanafunga kile kiti cha mbao kwenye miti miwili. Mpango ukawa wambebe hadi lami, huko apate gari lolote lenye viti vipana.

Wanaume wanne walimbeba, Nyangate mbele kulia. Bathsheba alitembea pembeni na mwavuli. Mimi nilifuata nyuma yao na gari, gia ya kwanza, kama mtu anayeswaga ng'ombe. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa nimewasha hita bila kujua. Kiti cha kushoto kilikuwa kikavu, kina joto, na hakuna mtu. Mbele yangu niliona mgongo wa koti lake ukilowa na kugeuka mweusi. Mara mbili waliteleza. Mara ya pili nilipiga honi, sijui kwa nini. Nilitaka wasimame, niseme kitu. Waligeuka, wakaningoja. Nikawaashiria kwa mkono waendelee.

Kwenye kituo cha majani chai, chini ya banda la mizani, waliweka kiti chini ili wapumzike. Ni hapo alipopimisha majani yake miaka thelathini, na karani alitoka ofisini kumsalimu kwa jina. Tata akamwitikia. Akaomba avuliwe kofia. Bathsheba akamvua, na alipogeuka kuitundika kwenye ndoano ya mizani, Tata alikuwa ameshakwenda.

Kutoka hapo hadi lami ni mwendo wa dakika kumi kwa gari.

Jumatatu, 22 Desemba

Josiah hawezi kuja. Akitoka Marekani karatasi zake hazimruhusu kurudi. Aliniuliza kwenye simu, "Kwani gari lilikwama?" Nikamwambia halikukwama.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Tumemzika. Mvua ilisimama kwa saa mbili. Rasiklal alikuja na Bi Sumitra, amembeba mgongoni kutoka lami hadi bomani, na hawakuona haya yoyote, mama na mwana. Bi Sumitra hakutaja gari. Alinishika mkono muda wote wa mahubiri.

Jumatano, 7 Januari

Shule zimefunguliwa. Natembea kwenda kazini.

Jumapili, 18 Januari

Nimepanda kwa miguu kumwona Bathsheba. Tulimenya ndizi. Nilimwomba radhi kwa yale maneno ya Desemba, akasema alishayasahau. Kisha nikamwambia nililokuwa sijamwambia mtu, kwamba nikilala nayaona yale macho.

Akaweka kisu chini.

"Ulipokuwa unageuza gari, alisema neno juu yako," akaniambia. "Hukusikia kwa sababu ya injini. Alisema, 'Mtoto huyu angeniambia ingia, ningeingia. Lakini nitamlazimishaje aketi na mimi?'"

Nikamuuliza kwa nini hakunikimbilia kunieleza.

"Uliinama ukarudi nyuma," alisema. "Nilidhani umekataa."

Nililia pale jikoni kwake hadi maganda yote yakalowa. Yeye hakulia. Alinivuta kichwa akakilaza mapajani pake, kitu ambacho mama mkwe kwetu hafanyi, akaendelea kumenya ndizi juu ya kichwa changu.

Ijumaa, 30 Januari

Nimebadilishana na Sadiq. Alishangaa. "Mwalimu, hapa wewe wapata hasara," alisema, na akaniapia kwa Mungu kwamba hanidanganyi. Nikamwambia anipe funguo tu. Ameniongezea betri mpya na gunia la mkaa wa kuondoa harufu.

Jumatatu, 9 Februari

Siku ya tatu ya jua. Bathsheba ana miadi ya kupimwa shinikizo la damu, kwa hiyo saa mbili nilikuwa langoni kwake. Hili gari linapanda mlima likilalamika, lakini lilifika.

Alitoka amevaa kitambaa chake cheupe. Hakuuliza. Alilizunguka akigusa milango kwa kiganja, mmoja baada ya mwingine, midomo ikihesabu. Nilimfungulia wa mbele, maana mimi na yeye twaweza kukaa pamoja. Akatikisa kichwa.

Akaufungua wa nyuma mwenyewe, akaketi. Kisha akajisogeza hadi dirisha la upande wa pili, akavuta gauni lake, akaacha pale karibu na mlango nafasi ya mtu mmoja. Alinyoosha mkono akaufunga ule mlango taratibu.

"Twende, mwanangu," akasema.